Nimemgawia dada vidonge vyangu vya kipandauso, sasa silali

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni uhasibu. Kipandauso kilinianza nikiwa na miaka 19, wiki ya mitihani, na tangu hapo tunazeeka pamoja. Kwanza naona mistari inayometameta pembeni mwa jicho, kama kioo kilichopasuka kikipigwa na jua. Inakaa kama dakika 20, inapotea, halafu upande wa kushoto wa kichwa unaanza kupwita. Kutoka hapo sitaki taa, sitaki sauti, hata harufu ya sabuni sitaki. Natapika. Zamani nilikuwa nalala gizani siku mbili nzima, na watu wa ofisini wakinong'ona kwamba huwa naugua siku za kazi nyingi.

Miaka miwili iliyopita daktari aliniandikia sumatriptani, vidonge vya miligramu 50. Mama, siku ya kwanza nilipomeza nililia. Haikupita saa mbili nikawa nimesimama jikoni naosha vyombo huku taa inawaka. Nikajiambia, kumbe wenzangu ndivyo wanavyoishi.

Daktari alinieleza vizuri. Kidonge kimoja maumivu yanapoanza. Yakipoa kisha yakarudi, kingine, ila si kabla ya saa mbili kupita. Kanuni hiyo nimeishika. Sijapata kumeza zaidi ya viwili kwa siku, hata siku moja. Nasisitiza hili kwa sababu mume wangu ameanza kuniita mtu wa vidonge, na lile neno linaniuma kuliko kichwa chenyewe.

Ila siku zenyewe ndizo zimeongezeka. Mwanzoni kilikuwa kinanijia mara tatu, mara nne kwa mwezi. Sasa nikilala leo salama, kesho naamka na kichwa kizito. Mwezi uliopita nilikaa nikakumbuka, nikapata siku 14 za sumatriptani, na katikati yake siku nyingine za vile vidonge vya kujinunulia vyenye mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Nikiwa na kikao kikubwa nameza mapema hata kama kichwa hakijaanza, nisije nikaumbuka mbele za watu. Na kwa kuwa cheti cha daktari wangu hakitoshi tena, nimepata daktari wa pili. Huyu hajui habari za yule. Hilo sijamwambia mtu ila wewe. Dawa nyingine situmii, labda vidonge vya uzazi wa mpango tu, nilivyoanza mtoto alipofikisha mwaka mmoja.

Sasa dada. Dada yangu mkubwa ana miaka 49. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tano, na ndiye aliyenilea. Aliacha masomo ili mimi nisome. Kuna usiku alinisukumia sahani yake akasema ameshiba, na nilijua hajala tangu asubuhi. Miezi michache hii naye analalamika kichwa, hasa asubuhi, huku nyuma kisogoni. Ana presha, na dawa zake anameza akikumbuka. Siku moja alikuwa kwangu nilipozidiwa, akaniona nilivyoinuka baada ya kidonge. "Nipe na mimi hicho chako." Nikampa. Mara ya pili nikampa tena, na mara hiyo alishika kifua, akasema anasikia kama amefungwa kamba kifuani hadi shingoni. Ilichukua kama nusu saa ikapita. Mimi nimeshika simu mkononi, sijui nimpigie nani. Yeye akacheka: dawa kali ndiyo dawa.

Wiki iliyopita alinipigia. Anasafiri, nimwekee pakiti nzima. Nikamwambia vimekwisha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mdogo wangu, nimezoea."

Tangu siku hiyo silali. Nikimwambia daktari ukweli, naogopa ataninyang'anya dawa, na mwezi ujao tunafunga hesabu za mwaka, siwezi kuanguka. Nikimnyima dada, nitaonekana nimesahau nilikotoka. Nikimpa, kile kifua kinanijia usingizini. Nifanyeje?

Mwenye Kichwa Kizito

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Unaniuliza utamnyimaje dada aliyekulea, na utamwambiaje daktari uliyemzunguka. Mimi naona maswali hayo yameshikana kuliko ulivyoyaandika, lakini niache niende polepole. Na nianze kwa kukukumbusha kwamba mimi ni mshauri, si daktari. Nitakayosema kuhusu dawa ni yale ambayo mfamasia yeyote makini atakuambia, na pale panapohitaji mtu wa kukupima nitakurudisha kwake.

Umenisisitizia kwamba hujapita vidonge viwili kwa siku. Nakuamini, na kwa upande huo uko ndani ya mipaka. Viwili vya miligramu 50 ni miligramu 100 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho madaktari wengi hukitaja kwa mtu mzima ni 200 ndani ya saa 24. Ila wewe ni mhasibu, mwanangu. Unajua hesabu inaweza kukubali safu hii na kukataa ile. Umekuwa ukihesabu vidonge kwa siku. Safu ambayo huenda hakuna aliyekuonyesha ni ile ya siku kwa mwezi.

Dawa za kundi la sumatriptani, pamoja na vile vidonge vya mchanganyiko unavyojinunulia, zikitumika siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu na kuendelea, zinaweza zenyewe kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Parasetamoli peke yake au ibuprofeni peke yake, mpaka huo ni siku 15. Kidonge kimoja au viwili, siku ni siku. Na siku za dawa hii hujumlishwa na za ile, kwa hiyo zile 14 zako si 14 tena ukiingiza na za mchanganyiko.

Kinachotokea ni kwamba ubongo wenye kipandauso, ukizoeshwa dawa ya kuokoa mara kwa mara, unakuwa mwepesi zaidi wa kuumwa. Dawa inapoisha mwilini kichwa kinarudi, unameza, kinatulia, kinarudi tena mapema zaidi. Anayeuona mzunguko huu kutoka ndani hudhani ugonjwa umezidi, kwa hiyo anaongeza siku. Hajafanya uzembe wowote. Sisemi kwamba ndilo hakika lililokupata, hilo atalisema aliyekuchunguza. Lakini safari ya kutoka siku tatu hadi 14 na zaidi inafanana nalo mno.

Jambo moja ningependa ulitazame ukiwa peke yako, bila mumeo wala daktari. Zile siku za vikao, ulizomeza kabla kichwa hakijaanza. Katika siku zako 14, ngapi zilikuwa za maumivu na ngapi zilikuwa za hofu? Nauliza kwa upole, kwa sababu hofu hiyo naielewa. Mtu aliyewahi kutapika mbele ya wakubwa zake hasubiri kuambiwa mara ya pili. Ila sumatriptani ni dawa ya kumeza maumivu yanapoanza kuuma, mapema, yakiwa bado madogo. Ikimezwa kichwa kikiwa kizima haijengi ukuta. Hata ikimezwa wakati wa ile mistari inayometameta, kabla ya maumivu, mara nyingi haizuii yanayokuja. Kwa hiyo siku za hofu zinakula kwenye hesabu yako bila kukupa kitu. Chukua daftari, andika kila siku kwa mwezi mmoja: kichwa kiliuma au hakikuuma, ulimeza nini, saa ngapi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" usiiruke.

Mumeo nimpitie haraka. Sumatriptani haileweshi, na kuingia kwenye mzunguko huu si sawa na ulevi. Neno lake si la haki. Lakini pengine ameona siku zinaongezeka kabla yako, akakosa lugha nzuri ya kulisema. Utajua mwenyewe kama ni mtu wa kuonyeshwa daftari.

Sasa daktari. Unaogopa kunyang'anywa. Nami nakuuliza: ni nini hasa utakachonyang'anywa? Miaka miwili iliyopita kidonge kile kilikurudishia maisha. Leo unakitumia zaidi ya mara tatu ya ulivyoanza, na unaamka na kichwa kizito. Unailinda dawa ambayo tayari inaanza kukutoka.

Njia ziko kadhaa, na hakuna iliyo bure. Unaweza kuendelea hivi hadi hesabu zifungwe. Nauelewa mvuto wake. Hatari yake ni kwamba mwezi huo, kwa msongo na usingizi mchache, ndio utakaomeza zaidi, na baada yake pataibuka sababu nyingine ya kusubiri. Unaweza kuacha kimyakimya peke yako. Wapo wanaoweza, lakini ujue kwamba siku za mwanzo kichwa huwa kibaya zaidi, pengine na kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Hali hiyo huchukua siku mbili hadi kumi, na kwa dawa za kundi lako mara nyingi hupita mapema kuliko kwa nyingine. Kuipanga wiki ya kufunga hesabu itakuwa kujitesa. Na kama kuna dawa yoyote yenye kodeini uliyosahau kunitajia, hiyo usiikate ghafla bila usimamizi.

Njia nyingine ni kwenda kusema. Hapa hatari ni aibu, na pia ya kukutana na daktari mkali, maana wapo. Faida yake ni kwamba kuna milango ambayo hukunitajia hata mmoja, nami nadhani hujaonyeshwa. Kwa mtu anayeumwa mara nyingi kama wewe, zipo dawa za kuzuia, ambazo mtu humeza kila siku ili mashambulio yapungue, badala ya kungoja yaje. Propranololi ni mojawapo, ingawa haiwafai wenye pumu. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku ni nyingine. Topiramati ipo pia, lakini hiyo ina madhara kwa mimba, na dozi kubwa inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo usikubali kuandikiwa bila kulizungumza hilo. Zote zinataka subira, miezi miwili au mitatu kabla ya kuzihukumu. Na daktari anayejua ratiba yako anaweza kukusaidia kuchagua lini pa kuanzia, akupe na kitu cha kukuvusha siku mbaya.

Kuhusu daktari wa pili, methali ya mficha uchi unaijua, sitakurushia. Nitasema tu kwamba kila mmoja wao anaona nusu ya mwezi wako, na kwa nusu hiyo wewe ni mgonjwa anayetumia dawa kwa kiasi. Ukikosa namna ya kuanza, sema hivi: "Nimekuwa nikimeza siku 14 kwa mwezi, nyingine nimeandikiwa kwingine. Nilikuficha kwa sababu naogopa kurudi kulala gizani." Daktari akisikia sentensi ile ya mwisho, ana kazi ya kufanya zaidi ya kukugombeza.

Kuna mstari mmoja umeupitisha kama si kitu, nami ndipo kalamu yangu iliposimama. Unaona mistari inayometameta kabla ya maumivu, na unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Dalili hiyo ya macho madaktari huiita aura. Vidonge vya uzazi wa mpango viko vyenye estrojeni ndani yake na visivyo nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwanamke mwenye kipandauso cha aura asitumie vyenye estrojeni, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Usitishike ukadhani kiharusi kimekaa mlangoni. Kwa umri wako hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini hili halihusiani na kufunga hesabu. Nenda wiki hii na pakiti mkononi, uulize vyako ni vya aina gani. Kama ni vyenye estrojeni, zipo njia nyingine salama za kupanga uzazi. Aliyekupa vidonge hivyo huenda hakukuuliza kuhusu macho, nawe hukuona sababu ya kumwambia. Ndivyo mambo haya yanavyopita katikati ya watu wawili wenye nia njema.

Sasa nirudi kwa dada, ambaye nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Sumatriptani inabana mishipa ya damu. Ndivyo inavyosaidia kichwa, kwa sehemu, lakini haiishii kichwani. Kubanwa kifua, shingo au taya baada ya kuimeza ni jambo linalojulikana, na kwa watu wengi wenye moyo mzima hupita lenyewe bila madhara. Wakati huohuo, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, huambiwa asiitumie kabisa. Ile nusu saa ya dada ilikuwa ipi kati ya hizo? Wewe hujui, yeye hajui, na kicheko chake si kipimo. Ikitokea tena, kwa dawa hii au bila dawa, msikae kusubiri ipite. Hospitali.

Kisha jiulize kama dada ana kipandauso hata kidogo. Chako kilianza ukiwa na miaka 19, kina upande, kina macho, kina kutapika. Chake kimeanza juzi akiwa na miaka 49, asubuhi, kisogoni. Maumivu mapya ya kichwa kwa mtu anayekaribia miaka 50, tena mwenye presha anayeruka dawa zake, madaktari huyataka wayachunguze, si kuyazima. Na kama anajinunulia ibuprofeni au jamii yake ili atulie, hizo zinaweza kumpandishia presha. Yakimjia maumivu ya ghafla yaliyofika kileleni kwa dakika moja, au mdomo ukapinda, ulimi ukawa mzito, mkono ukakosa nguvu, hapo hakuna cha kidonge cha mtu yeyote, ni kukimbilia hospitali.

Uongo wako wa "vimekwisha" ulimlinda siku moja. Ubaya wake ni kwamba utalazimika kuurudia, na yeye anaweza kutafuta kwingine, kwa mtu asiyejua habari za kifua. Unaweza kumwambia ukweli wa dawa peke yake. Unaweza pia kumwambia na ukweli wako, kwamba vidonge anavyovitamani vimekugeuka. Huo wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu kwake wewe ndiye mdogo aliyesomeshwa akafanikiwa. Sitakuchagulia. Ila nafikiri mtu mzima aliyezoea kutoa hukubali kwa urahisi zaidi kwenda kupimwa akiambiwa "nisindikize, na mimi napimwa" kuliko akiambiwa "unaumwa".

Unasema ukimnyima utaonekana umesahau ulikotoka. Umeandika kwamba alikusukumia sahani yake. Alijua kilichokuwa ndani ya sahani ile, mwanangu. Wewe ulimpa kidonge bila kujua kitakutana na nini mwilini mwake. Hivyo viwili usivipime kwenye mzani mmoja.

Na lile neno lake la mwisho, "nimezoea", umelisikia kama lawama. Umelala nalo wiki nzima kama lawama. Mimi nililisoma nikadhani anasema amezoea kuumwa. Anaweza kuwa alimaanisha vyote viwili. Mpigie kabla hajasafiri, umuulize amezoea nini, kisha unyamaze umsikilize hadi amalize. Halafu mwende mkapime presha yake. Ukipata nafasi niandikie tena, unitajie ilisoma ngapi.